Intakula kwenye Fuso: kijana wa Kibaigwa, kabla hujatoa hela

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kibaigwa aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina Fuso ya tabo, mlimani inazimia kabisa. Fundi anasema nifunge intakula. Nifunge au niache?" Kwa asiyejua: tabo inasukuma hewa kwa nguvu kwenye injini, hewa hiyo inapata moto, na intakula ni kipoza kinachoipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Usiku ule sikulala vizuri. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi mwaka 2019, na jibu nililopewa liliniulia injini.

Fuso yangu ina injini ya 6D16 yenye tabo, na ilikuja bila intakula. Mahindi nilikuwa napakia Kibaigwa, nikipita Mtera kwenda Iringa, na mlima wa Nyang'oro ulikuwa unanidhalilisha. Gia ya pili, moshi mweusi, mshale wa joto unapanda, utingo anatembea kando ameshika kabari. Safari moja mwenye mzigo alikuwa anatufuata na gari lake dogo. Tulipofika Iringa akaniambia mbele ya wapakuaji: "Gari lako limechoka, msimu ujao natafuta lingine." Akatafuta kweli. Neno lile bado linaniuma.

Nikatoa milioni moja na laki mbili. Fundi akaleta intakula iliyotolewa kwenye gari lingine, akaifunga mbele ya rejeta, akaunga mabomba na mipira. Nikapakia, nikaenda, nikaona tofauti ndogo sana. Niliporudi nimekasirika akasema, "Bado pampu." Akaifungua hiyo pampu ya dizeli, akaongeza mafuta kwa kukisia. Hapo gari likawa jingine! Nyang'oro nilipita magari niliyokuwa nayapisha, na sitaficha, nilijiona mfalme wa barabara ile.

Ikadumu miezi minne. Oktoba, jua la saa nane, kabla sijamaliza mlima nguvu zikakata na chuma kikaanza kulia. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka juu.

Sikilizeni hesabu ambayo hakuna aliyenieleza. Tabo ikisukuma kwa presha ya kilo moja, hewa ya Dodoma iliyoingia na nyuzi 33 hutoka na nyuzi 130 hivi. Hewa ya moto imetanuka, oksijeni ndani yake ni haba. Intakula ikiishusha hadi 60, silinda ileile inapokea hewa zaidi kwa karibu moja ya tano. Na sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi tangu mwanzo, kwa hiyo faida ipo. Lakini nguvu ya dizeli inatoka kwenye mafuta yanayopimwa na pampu. Usipoongeza mafuta, intakula haikupi mbio. Inakupa moshi mdogo na moto mdogo kwenye ekzosi, na huo ndio uhai wa pistoni, valvu na hedi. Mimi niliidharau zawadi hiyo nikataka mbio. Mafuta yaliongezwa kupita hewa iliyopo, na juu ya hapo mpira mmoja wa bomba ulikuwa umepasuka chini ya klipu, hewa inavuja. Tena intakula ilikuwa imejaa vumbi, rejeta nyuma yake haipati upepo.

Injini ya pili nimeifungia intakula tena. Safari hii pampu ilipimwa na fundi wa pampu kwenye mashine, mipira ni ile inayohimili joto na presha, na nimeweka geji ya joto la ekzosi. Ikigusa nyuzi 650 naachia mguu, napunguza gia. Mwezi uliopita nimepanda Nyang'oro na mzigo kamili kwa gia ya tatu, taratibu, mshale wa maji umetulia palepale. Nilipofika juu nilisimamisha gari nikamshukuru Mungu.

Ndugu zangu, sisi sote tunaotaka lori la pili tuna ugonjwa mmoja: tunataka gari lipande leo, hatuulizi litapanda mwakani. Usiguse pampu kwa kukisia. Kama kazi yako ni tambarare na mzigo wa wastani, hela hiyo nunua matairi. Kama unapanda milima na tani zako zimetimia, funga, lakini pampu usiiguse kwa kukisia. Anayekuambia gari litaruka, mwulize geji ya joto iko wapi.

Na wewe kijana, gari linalozimia mlimani huenda halihitaji intakula kabisa. Chujio la hewa lililoziba kwa vumbi la huko linatosha kulimaliza, na nozeli za kunyunyiza dizeli zilizochoka pia, au tabo ambayo shafti yake imelegea. Jumamosi nakuwa Kizota, Dodoma, kuanzia asubuhi. Njoo nalo likiwa tupu, tutaanza kwa kufungua chujio.