Maswali ya Wasomaji: Karatasi, Kitambaa na Sindano

Barua zilizofika katika safu hii mwezi huu zinahusu kadi, mifuko, daftari na vyerehani, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, wengi wao wanaeleza tatizo la namna moja: kazi imekwenda upande. Mara nyingi kasoro haikuanzia kwenye kushona wala kubandika, bali mapema zaidi, pale karatasi au kitambaa kilipowekwa mezani na kukatwa bila kutazamwa kinaelekea wapi. Kwa sababu hiyo majibu ya leo yanakaa sana juu ya maandalizi.

SWALI: Natengeneza kadi za pongezi kwa karatasi ya manila. Nikiikunja kadi katikati, rangi ya juu hupasuka na kuacha mstari mweupe wenye manyoya, na zile ninazozibandika pambo la karatasi nyingine hujipinda zenyewe baada ya siku chache. Nimebadilisha gundi na hali ni ileile. Je, nanunua karatasi mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea karatasi yako haina ubaya wowote. Karatasi ya kiwandani hutokana na majimaji yenye nyuzinyuzi za mimea, ambayo humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbele kwa kasi, na maji yanapochujika nyuzi nyingi hulala zikifuata mwendo wa wavu huo. Hivyo kila karatasi inayotoka kwenye mtambo ina mkondo wake. Ukiikunja kwa kuufuata, mkunjo unatoka safi; ukiikunja kwa kuukata, unazilazimisha nyuzi zivunjike, na huo ndio mstari wenye manyoya unaouona.

Kuutambua mkondo hakuhitaji kifaa. Kutanisha kingo mbili za karatasi bila kuikunja, ubonyeze uvimbe wake polepole kwa kiganja, kisha izungushe robo duara na urudie. Upande unaolegea na kutii ndio ambao mkunjo wake utafuata mkondo. Ukiwa na kipande cha ziada, kichane kwa mkono: kikichanika kwa mstari ulionyooka, umefuata mkondo, na kikichanika kwa kwenda ovyo, umeukata. Unaweza pia kulowesha kidogo uso mmoja wa kipande chembamba, nacho kitajiviringa kuwa bomba ambalo urefu wake unaonyesha mkondo ulipo.

Jaribio hilo la maji ndilo linaloeleza kujipinda kwa kadi zako. Nyuzi za karatasi zikipata unyevu hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka hasa upande unaokata mkondo, kisha husinyaa inapokauka. Gundi nyeupe ina maji mengi, na ukibandika karatasi mbili ambazo mikondo yake inapishana, kila moja itasinyaa kwa upande wake na kuivuta nyenzake. Zilaze zote mbili kwa mwelekeo mmoja, paka gundi nyembamba kuanzia katikati kuelekea kingoni, funika kwa karatasi safi, kisha weka vitabu vizito juu yake hadi kesho yake. Subira hiyo ya usiku mmoja haina mbadala, na ninaisisitiza kwa sababu ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwanza.

Limebaki jambo la kutia mfuo. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, hukunjika vizuri kwa vidole, lakini karatasi ya gramu 200 na zaidi inahitaji kutengenezewa njia. Weka rula kwenye mstari wa mkunjo, pitisha kalamu iliyokwisha wino kwa kukandamiza bila kukata, kisha kunja ukielekea upande ulio kinyume na ule uliokandamizwa, ili tuta dogo lililojitokeza liwe ndani ya kadi. Wengi hukunja kwa kufuata shimo la mfuo kwa kuwa ndivyo macho yanavyotarajia, na wanashangaa kuona uso wa nje umepasuka.

SWALI: Nina mkasi mmoja mzuri. Kuna ubaya gani nikiutumia kwa nguo na kwa karatasi pia?

JIBU: Upo, na si imani ya mafundi tu. Karatasi nyingi huchanganywa na madini kama chokaa na udongo mweupe ili ziwe laini na nyeupe, na madini hayo hula makali ya mkasi kidogo kidogo. Mkasi uliobutuka bado utakata karatasi bila kukusumbua, lakini kitambaa utakitafuna. Tenga mkasi wa pili kwa ajili ya karatasi, hata ukiwa wa bei nafuu, na ule mzuri ufunge kipande cha utepe kwenye mpini ili kila aliye nyumbani aujue.

SWALI: Nilishona mfuko wa kubebea vitabu kwa kitambaa cha pamba. Ulipokuwa mpya ulikaa vizuri, lakini nilipoufua mara ya kwanza ulipinda, bitana ikawa kubwa kuliko mfuko wenyewe, na mikono yake ikarefuka kwa uzito wa vitabu. Nitaunusuruje?

JIBU: Mfuko huo, kwa masikitiko, hautarudi ulivyokuwa, ila bitana yaweza kufumuliwa sehemu ya juu, ikapunguzwa na kushonwa upya. Nitakueleza sababu ili ufuatao ukae sawa.

Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, ambazo hukazwa kwenye kitanda cha mfumi na kwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio zinazopita kati yake kwa upana. Ukingo uliofumwa kiwandani, ule usiofumuka, daima huenda sambamba na mtande. Pamba huvutwa sana inapofumwa na kunyooshwa kiwandani, na maji ya kwanza yanapoifikia huachia mvuto huo na kupungua. Si ajabu ikapoteza sentimita 3 hadi 5 katika kila mita. Ikiwa bitana yako ni ya poliesta, ambayo hupungua kidogo sana, basi kila kitambaa kimefuata tabia yake na mfuko umebaki katikati ukivutwa. Fua vitambaa vyote viwili kabla ya kuvikata, kwa namna ileile utakayoufua mfuko baadaye, uvianike, na uvipige pasi vikiwa na unyevu kidogo.

Kupinda ni jambo jingine. Huenda kitambaa kilikatwa wakati nyuzi zake hazijakutana kwa pembe mraba. Chomoa uzi mmoja wa mshindio karibu na mwisho wa kitambaa, na ukate kwa kufuata alama iliyoachwa na uzi huo. Kisha kikunje kitambaa ukingo kwa ukingo uone kama pembe zinalingana. Zisipolingana, watu wawili wakishike kwa pembe zinazotazamana na kukivuta kwa mshazari hadi kitulie. Baada ya hapo ndipo uweke kiolezo, ukihakikisha mstari wake wa mwelekeo uko umbali uleule kutoka ukingoni, juu na chini.

Mikono ya mfuko ikatwe kwa kufuata mtande, kwani huko ndiko kitambaa kinakostahimili uzito. Ukiikata kwa upana itarefuka kiasi, na ukiikata kwa mshazari itarefuka sana, maana mshazari ndio mwelekeo unaonyumbuka kuliko yote. Tabia hiyohiyo, ambayo ni hasara kwa mkono wa mfuko, ni faida kubwa kwa utepe wa kuzungushia shingo ya blauzi au ukingo wa duara, kwa hiyo usiuogope mshazari. Uuweke tu mahali pake.

SWALI: Cherehani yangu inashona vizuri juu, lakini chini ya kitambaa uzi unajikusanya na kuwa kiota. Nimefungua na kusafisha bobini mara nyingi. Nifanye nini?

JIBU: Iache bobini ipumzike. Uzi unaojikusanya chini mara nyingi kabisa ni uzi wa juu ambao haukukazwa, na sababu ya kawaida ni kuupitisha wakati mguu wa cherehani umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi huwa vimebana, na uzi hupita juu yake badala ya kuingia katikati. Toa uzi wote wa juu, inua mguu, upitishe upya hatua kwa hatua bila kuusahau mkono unaopanda na kushuka, kisha ushushe mguu na uuvute uzi kidogo: unatakiwa ukatae. Unapoanza mshono, shika ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa mishono michache ya kwanza.

Tatizo likibaki, badilisha sindano. Iliyopinda kidogo tu, au iliyobutuka, huruka mishono na kukwaruza kitambaa. Namba iliyoandikwa juu yake inaonyesha unene: sindano ya 80 ina kipenyo cha milimita 0.8 na inatosha kwa pamba ya kawaida, 70 hufaa vitambaa vyepesi, na 100 ni ya jinzi na turubai. Vitambaa vinavyovutika, vile vya fulana, vinataka sindano yenye ncha ya mviringo ambayo husogeza nyuzi bila kuzitoboa.

SWALI: Ningependa kumtengenezea mwanangu daftari la kuchorea bila kutumia pini za stepla. Je, naweza kulishona kwa mkono?

JIBU: Unaweza, na katika kazi zote zinazokutanisha sindano na karatasi, hii ndiyo ningempa anayeanza. Chukua karatasi 5 za A4, zikunje pamoja katikati, upate kurasa 20 za ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Kata jalada la manila linalozidi kidogo pande zote, ulitie mfuo, na uzilaze karatasi ndani yake. Fahamu kwamba mkondo wa karatasi nyingi za A4 hufuata urefu wake, kwa hiyo hapa utakuwa unaukata. Kwa daftari jembamba hilo linavumilika mradi upige mkunjo imara kwa mgongo wa kijiko, lakini jalada, ambalo unalikata mwenyewe, lifuate mkondo bila udhuru.

Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene: moja katikati kabisa, na mengine mawili sentimita 3 kutoka kila mwisho. Kata uzi imara wenye urefu wa mara mbili na nusu ya mgongo wa daftari, na uupitishe kwenye nta ya mshumaa ili usijisokote. Anzia ndani, toka nje kwa tundu la katikati ukibakiza ncha ya vidole vinne ndani, ingia kwa tundu la juu, shuka kwa ndani ukilipita la katikati bila kuligusa, toka kwa tundu la chini, kisha rudi ndani kwa la katikati. Sasa una ncha mbili ndani. Ziwe kila moja upande wake wa uzi mrefu unaopita hapo, uzikaze kwa kuvuta sambamba na mkunjo, kamwe usivute kuelekea juu, kwani karatasi itachanika, na ufunge fundo juu ya uzi huo mrefu ili liushike. Kurasa za ndani zitajitokeza kidogo kuliko za nje. Ukitaka ukingo ulionyooka, zikate kwa kisu kikali na rula ya chuma, ukipita mara nyingi kwa mkono mwepesi.

SWALI: Je, cherehani inaweza kushona karatasi moja kwa moja? Nataka kupamba kadi kwa mishono ya rangi.

JIBU: Inaweza. Weka sindano ya zamani ambayo hutaihitaji tena kwa nguo, na urefushe mshono ufike milimita 3 au 4, kwa sababu matundu yaliyokaribiana hugeuza mshono kuwa mstari wa kuchania. Usirudi nyuma mwanzoni wala mwishoni. Vuta ncha za uzi upande wa nyuma, zifunge, na uzifiche kwa kubandika karatasi nyingine juu yake. Karatasi haisamehe tundu kama kitambaa, hivyo chora mstari kwa penseli hafifu na ujaribu kwanza kwenye kipande cha manila ileile. Ukimaliza, safisha vumbi la karatasi chini ya bamba la sindano kabla ya kurudi kwenye nguo.