Udi wa Marehemu Babu Apewe Nani?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba marehemu babu yako, aliyepiga udi, ile ala ya nyuzi, katika taarabu ya Unguja, ameacha chombo chake, na kwamba kaka yako anakidai kwa ukubwa wake, ilhali binti wa dada yako ndiye pekee anayejifunza muziki. Kwa kuwa udi huo ni sehemu ya mirathi, warithi wote wakubaliane kwanza, hata ikibidi kufidia mafungu yao. Kisha, kwa maoni yangu, apewe binti huyo, ambaye mikononi mwake utasikika tena.

Msizikaze nyuzi kwa pupa. Udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi 5 na uzi mmoja wa sauti nene, na mvuto wake wote huelemea ubao mwembamba wa uso, ambao gundi yake huenda imeachia kwa unyevu wa pwani. Fundi autazame kwanza.

Linalonigusa zaidi ni kumbukumbu. Sisi tulirithi fidla ya mjomba, lakini hatukumuuliza mkewe, aliyemsikia akifanya mazoezi kila usiku, ni nyimbo zipi alizipenda, naye akafariki. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Bibi yako angali hai, alhamdulillahi. Mrekodini mwezi huu huu, binti akiwepo na udi ukiwa mbele yake, mumuulize nani alimfundisha mumewe, walipiga harusi za mitaa gani, na nani aliketi kando yake akipiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani.