Ulizeni Tujibu: Ingekuwaje Katzenberg angekalia kiti cha Wells?

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kinaandaa igizo la redio la vipande sita. Tumebuni kwamba Frank Wells, rais wa kampuni ya Disney aliyekufa kwa ajali ya helikopta kule Nevada Aprili 1994, alinusurika, kwa hiyo Jeffrey Katzenberg, mkuu wa studio yake ya filamu, hakuhama Disney. Wenzangu wanasema haiingii akilini. Tumekosea wapi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mmeingilia mlango usio wenyewe. Wells alikuwa mtu wa hesabu, mikataba na kupatanisha wakubwa. Filamu zilikuwa mikononi mwa Katzenberg, mkuu wa studio. Wells akipona, Katzenberg bado anataka kupanda na kiti cha juu yake kina mtu. Mwacheni Wells afe. Badilisheni jambo moja tu: Michael Eisner, bosi wao wote, anampa Katzenberg nafasi ya marehemu. Kwa kweli hakumpa, na mwaka haukuisha Katzenberg akaondoka. Kisukumo mnacho: Julai 1994 Eisner alifanyiwa upasuaji wa dharura wa moyo. Anzeni kipande cha kwanza hapo, hospitalini.

Halafu chukueni kalenda. Filamu ndefu ya katuni wakati ule ilikula miaka mitatu hadi minne. The Lion King ilitoka Juni 1994, hiyo haiguswi. Pocahontas (1995) na The Hunchback of Notre Dame (1996) zilishakuwa mezani kwa wachoraji, na Toy Story (1995) ilitokana na mkataba wa mwaka 1991 kati ya Disney na Pixar, studio ya katuni za kompyuta. Mkono wa bosi mpya uanze kuonekana kwenye 1998 hivi. Wengi huharibu hapa: bosi anabadilika Jumatatu, Ijumaa sinema mpya iko Kariakoo.

Sasa hesabuni kinachopotea. Oktoba 1994 Katzenberg, mwongozaji filamu Steven Spielberg na tajiri wa muziki David Geffen walitangaza studio yao, DreamWorks. Katzenberg akibaki Disney, The Prince of Egypt (1998) inakosa kwao. Shrek, katuni nyingine ya DreamWorks iliyoitania Disney, msiifute haraka: kitabu cha William Steig ilichotokana nacho kilitoka 1990, na Spielberg alikuwa na haki zake kabla DreamWorks haijazaliwa. Filamu inaweza kuja, ila haitakuwa na sababu ya kuichokoza Disney. Na msisahau mishahara. Ya wachoraji ilipanda kwa sababu studio zilikuwa zinanyang'anyana watu walewale. Mshindani mmoja akiondoka, mchoraji wenu wa kubuni analipwa kidogo na hana pa kukimbilia. Huyo ndiye mhusika mkuu, si Katzenberg. Steringi asiyekosea huchosha masikio kabla ya kipande cha pili.

SWALI: Sisi tumeigiza kwamba Dar ilipata televisheni mwaka 1974, chini ya mkurugenzi fundi wa maigizo. Watu walicheka tulipoonyesha kila nyumba Manzese ina runinga. (Msomaji, Temeke)

JIBU: Walikuwa na haki. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri vituo binafsi hadi 1994, na TVT ya serikali hadi 2000. Hata mkiirudisha nyuma miaka 20, runinga moja itatazamwa na ukumbi mzima. Wapelekeni watu ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Studio moja na kamera mbili zinatosha. Waigizaji mtawatoa Radio Tanzania, nao wana kasoro yao: wamezoea kuegemea maikrofoni na kusoma karatasi, kwa hiyo kamera inapata visogo. Vichekesho vya kipande cha kwanza ndivyo hivyo.

Baada ya Vita vya Kagera (1978–79) fedha za kigeni ziliadimika na vipuri vikawa taabu. Ueni kamera moja hapo. Kufika 1982 mkurugenzi wenu ana kamera moja, chumba kimoja na waigizaji wawili, na Jumamosi usiku ukumbi umejaa unamsubiri. Andikeni onyesho hilo kabla ya mengine yote.