Shamba la bonde la Rufiji: uliza maji yanakaa siku ngapi

Mkuu, umeuliza kama ununue zile ekari za bei poa karibu na Utete, maana dalali kakuapia kuwa mafuriko "yanaishia magotini". Nimezaliwa huko na nimelima huko. Hata kama hakudanganya, magoti hayakusaidii kitu.

Mto wetu haungoji mvua ya Utete. Maji yanatoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo jua linaweza kuwaka huku mto unapanda. Mwanzoni unajaa tu, rangi ya chai ya maziwa, unateremsha magogo. Hapo hakuna hasara. Kinachonasa wageni ni kinachofuata: wamesimama ukingoni wanauchunga mto, maji yanawajia kwa nyuma! Ukingo umeinuka, kwa kuwa kila furiko likitoka mtoni humwaga mchanga hapo kwanza. Nyuma yake ardhi inashuka, na maji hupenya kwa vijito mpaka huko ndani.

Marehemu babu alikuwa akichomeka kijiti jioni pale maji yalipoishia, alfajiri anakwenda kukitazama. Yakiwa yamepanda upana wa kiganja, anarudi kunywa uji, maana mpunga uliokwisha kukua kidogo hurefuka nayo. Kijiti kisipoonekana, kuku wanapandishwa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo. Mpunga ukifunikwa wote wiki mbili, huo umekwenda. Mpunga ulio bado mchanga hauna hata siku hizo.

Yakishuka ndipo utamu. Yanaacha tope jeusi na perege kwenye madimbwi, na sisi tunapanda mlau: mahindi, kunde, maboga, bila tone la mvua, kwa unyevu uliobaki chini. Ndiyo maana watu waliohamishwa bondeni baada ya mafuriko ya 1968 waliendelea kurudi kulima.

Usitegemee kuwa bwawa la umeme la Nyerere, lililoko huko juu ya mto, limemaliza mafuriko. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika.

Nenda Juni, dalali mwache nyumbani. Tafuta alama ya tope kwenye mashina ya miembe, kisha muulize mwenye shamba jirani, mwaka jana alipanda mlau wiki gani; hapo utajua maji yalitoka lini. Chimba kidogo pia: mchanga mtupu ni ukingoni, hapo mahindi ya mlau yatakauka mapema. Ukikuta udongo mzito unaopasuka nyufa, anza kuzungumza bei.