Nguzo yenye matundu mguuni

SWALI: Tunajenga nyumba ya ghorofa moja hapa Jinja. Nguzo za chini zina upana wa sm 30 kwa 30 na urefu wa mita 3, kila moja nondo 4 za mm 16. Tulipobandua mbao, nguzo mbili zilikuwa na matundu mguuni kama sega la nyuki, na nondo inaonekana. Fundi anasema plasta itafunika. Slabu bado haijamwagwa. Tuendelee? – Msomaji, Jinja

JIBU: Msiendelee, ndugu yetu. Plasta hufunika tu, haibebi kitu, na mguuni ndipo mzigo wote wa nguzo unaposhukia. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia chini kwenda juu. Zege zima hulia kama jiwe. Lenye pango ndani hutoa mlio wa kitu kitupu. Kisha chokoa kwa patasi mpaka ufike palipo pagumu. Shimo lisilofika kwenye nondo huzibika: safisha, loanisha, halafu shindilia mchanganyiko mkavu-mkavu wa saruji 1 kwa mchanga 2. Lakini kwako nondo iko wazi tayari. Mwite mhandisi aliyechora jengo aione kabla hamjagusa slabu.

Maoni yetu ni kuzivunja hizo mbili na kuzimwaga upya, nondo zibaki zisafishwe. Nguzo moja hapo inakula zege la mita za ujazo 0.27, yaani saruji mifuko miwili na robo hivi. Slabu ikishakaa juu, kazi hiyohiyo itataka kwanza kuegemezwa kwa sakafu nzima.

Matundu hukaa mguuni kwa sababu ndipo penye msongamano. Nondo 4 zinazochomoza msingini hupishana na 4 za nguzo kwa karibu sm 65 (mara 40 ya unene wa nondo), kwa hiyo hapo ziko 8 pamoja na ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo na kuzifunga. Zege likimwagwa kutoka juu kabisa, kokoto hujigonga kwenye vyuma na kuachana na uji wa saruji. Uji nao hutoroka kwenye mwanya ulio chini ya mbao. Zinabaki kokoto tupu.

Mkimwaga tena, zibeni mwanya huo kwa karatasi za mifuko ya saruji zilizoloweshwa. Acheni dirisha kwenye mbao, mita 1.5 kutoka chini, mmwagie hapo kwanza, kisha mlifunge. Saruji 1, mchanga wa ziwani 1.5, kokoto 3, na kwa kila mfuko maji yasizidi lita 25: jerikeni moja na robo. Mchanga ukiwa na unyevu, punguzeni. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze, anapunguza nguvu yake. Kila sm 50, shindilieni kwa vaibreta. Ringi za mm 8 ziwe kila sm 15, na vibiskuti vya zege viweke nondo mbali na mbao. Mwagilieni maji siku 7.

SWALI: Nataka nguzo za Kigiriki barazani, urefu mita 2.7. Kalibu ya fundi ina kipenyo cha sm 20. Zitapendeza? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Zitaonekana kama mianzi. Nguzo za nje za Parthenon kule Athens, jengo lililoanza kujengwa mwaka 447 KK, ni za mtindo wa Doriki: kimo mita 10.4, kipenyo cha chini mita 1.9, yaani kimo ni mara 5.5 ya kipenyo. Kwako hiyo ni sm 49. Kama huna nafasi, chagua Korintho, yenye majani kichwani. Hiyo huvumilia wembamba wa mara 10, sm 27. Wagiriki pia waliipa nguzo uvimbe mdogo usioonekana upesi, kwani iliyonyooka kabisa hudanganya jicho ikaonekana imebonyea kati. Paa la mabati ni jepesi, hivyo adui hapo ni upepo unaolinyanyua: nondo zitoke msingini, zipite ndani ya nguzo, zifungwe kwenye boriti.