Re: Mkaguzi amekataa orodha yetu ya athari za mazingira

Salaam mkuu. Umesema mkaguzi wa ISO 14001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira) amewaandikia dosari kwenye kipengele 6.1.2, kile cha kutambua namna shughuli zenu zinavyogusa mazingira, ilhali orodha yenu ina kurasa 30. Wingi wa kurasa hausaidii, ndugu yangu. Angalia kwanza kama mmegusa dharura na hali zisizo za kawaida: jenereta ikiwashwa, tangi likivuja, mashine ikisafishwa. Sisi tulinaswa hapohapo. Pipa la dizeli lilikaa hatua mbili tu kutoka mtaro wa maji ya mvua, na kwenye orodha halimo! Tulizunguka upya na fundi wa zamu (mshauri tulimwacha ofisini), tukaandika tulichokiona. Halafu vigezo mlivyotumia kuamua athari ipi ni kubwa viwe kwenye maandishi. Toleo la 2015 la kiwango hicho linavidai.