Maswali yenu kuhusu bei za majengo ya biashara, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum. Maswali yamekuja mengi tokea niandike kwamba mimi kazi yangu ni uthamini, leo najibu matano.

Nina jengo Mlandege, fremu sita, kila moja laki tano kwa mwezi, ila ya nyuma iko tupu mwaka wa pili huu. Dalali kaniambia linauzika milioni 360, mthamini kaandika 200. Nani ananidanganya?

Ndugu yangu, ngoja nikuoneshe walivopiga hesabu. Dalali kachukua laki tano mara sita, milioni 3 kwa mwezi, 36 kwa mwaka, alafu akazidisha kwa kumi akamaliza. Mana'ake kachukulia fremu zote zimejaa mwaka mzima na jengo lenyewe haligharimu hata shilingi. Lakini umeandika mwenyewe fremu ya nyuma iko tupu mwaka wa pili huu, hapo milioni 6 zishatoka, imebaki 30. Mlinzi, rangi, kuzibua mitaro, bati zinazovuja kila masika, taa za ngazini, tuseme milioni 6 nyengine. Unabaki na 24 na hizo ndo pesa jengo linazokupa kweli.

Mnunuzi akitaka pesa yake imrudishie asilimia 12 kwa mwaka, 24 ukiigawa kwa hio asilimia inakuja milioni 200, akiridhika na 10 inakuja 240. Na hio asilimia inatoka mtaani, haitoki kwa mthamini, mana pahala penye wapangaji wasiohama mnunuzi anakubali asilimia ndogo, pahala ambapo kila mwaka mpangaji mpya anataka kubwa kwa sababu ya hofu. Ndo mana mimi kabla sijaandika chochote naomba kukaa barazani kwa jirani, asubuhi, adhuhuri na baada ya laasiri, nahesabu wanaopita na wanaotoka dukani na mfuko mkononi. Nishawahi kukuta jengo zuri kabisa lakini watu wote mchana kutwa wanapita upande wa pili wa njia kwa sababu kule ndo kwenye kivuli, na huku kwenye jua wapangaji hawamalizi mwaka. Jambo hilo hulioni kwenye ramani wala kwenye hati, mpaka ukae.

Mpangaji wangu alitoa kilemba, yaani pesa ya kupishwa, kuingia dukani. Nacho kinahesabika kwenye thamani?

Hapana. Kilemba kama alimpa mpangaji aliyetoka hio pesa ni yao wawili. Ila kinakwambia kitu: kama mtu yuko tayari kutoa kilemba kikubwa ili aingie basi kodi yako iko chini ya soko, na mthamini anatakiwa aulize mkataba unakwisha lini ili kodi ikae sawa.

Tumerithi nyumba Mji Mkongwe, ghorofa mbili na duka chini. Jirani kauza yake kwa hoteli kwa pesa nyingi. Yetu si itakuwa bei hio hio?

Hapa naomba msikilize vizuri mana naona familia nyingi zinaumia. Nyumba mbili zimegusana ukuta zinaweza kutofautiana bei kwa mbali sana. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndo uliofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, kwa hivo anaetaka ukumbi mkubwa hawezi kubomoa ukuta tu akapata. Mimi nikiingia natembea na bisibisi, nachoma boriti pale inapoingia ukutani, ndo pahala maji yanapokaa, ikizama kama naichoma mkate basi dari hio yote ni gharama. Alafu naangalia plasta. Ikiwa mtu kapiga saruji juu ya chokaa unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, plasta inavimba na ukiigusa inadondoka unga. Tusisahau Beit el Ajaib, lile jumba la Forodhani, imejengwa 1883, sehemu yake ikaporomoka Disemba 2020 na watu wakafa. Jiwe la matumbawe likiachwa linyonye maji halina heshima ya mtu.

Na Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000, kwa hivo kuongeza ghorofa au kubadilisha matumizi lazima mupitie Mamlaka ya Hifadhi. Jirani yenu pengine kauza na kibali cha hoteli mkononi, nyinyi munauza na matumaini, hizo bei mbili. La mwisho, mirathi imalizeni kwanza. Warithi wakiwa saba na mmoja yuko Muscat hajasaini, mnunuzi makini anakimbia, anaebaki ni yule wa kuwalalia bei.

Benki wameandika bei mbili za jengo langu kwenye ripoti moja. Kwanini?

Moja ni bei ya soko, ukiuza kwa utulivu na muda wa kutosha kutafuta mnunuzi. Ya pili ni ya kuuza haraka ukishindwa mkopo, na benki wanaangalia hio ya chini. Ni kawaida, usigombane nao.

Niko Chake Chake, nataka kununua jengo la maduka lakini hakuna mauzo ya kulinganisha. Nitajuaje bei?

Kweli mauzo ni machache, na usikubali mtu akuletee bei za Unguja akapunguza kidogo. Sensa ya 2022 Pemba ilikuwa na watu 543,441, Unguja 1,346,332, na watalii wengi wanabaki kule. Sasa wewe badala ya mauzo kusanya kodi. Pita mlango kwa mlango uliza kodi waliyokubaliana, sio iliyotangazwa, muulize na sheha nani kahama na kwanini. Alafu jua unaenda mwezi gani. Karafuu zikiwa zinaanikwa barabarani na watu washalipwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, Chake nzima inanunua, kila fremu ina mtu na kila mwenye jengo anajiona tajiri. Na karafuu hazizai sawa kila mwaka. Kwa hivo waombe wenye maduka wakuoneshe daftari la mauzo ya msimu mbovu, na kodi wanayoweza kuilipa mwaka ule ndo uipigie hesabu kama nilivofanya ile ya Mlandege.